Kipini cha mama kimekwenda wapi? Simu, skana na kamera mbele ya picha za wazee wetu

Swali hili naletewa kila likizo inapokaribia. Mtu ana albamu ya wazee hapa Dubai, ndugu zake wametawanyika Muscat, Doha, Mombasa na Unguja, na kila mmoja anataka nakala. "Maalim, nipige kwa simu, ninunue skana, au nimtafute kijana mwenye kamera kubwa?" Wananiuliza mie kwa kuwa nilifundisha fizikia miaka mingi, na kabla ya hapo nilisoma sekondari ya misheni ambako padri mmoja alikuwa na chumba cha giza, akatufundisha kusafisha picha kwa mikono yetu. Basi leo nitawajibu wote kwa pamoja, in shaa Allah.

Wengine watasema, si upeleke dukani tu? Maduka yapo tele, Deira na Bur Dubai. Lakini tunajuana, ndugu zangu. Albamu zetu zina mama zetu na khalati zetu wakiwa vichwa wazi, siku za harusi, wamejipamba. Picha zile hazikupigwa ili kila mpita njia azione, na wengi wetu hatuko radhi zilale kwenye kompyuta ya mtu tusiyemjua. Kwa familia nyingi kazi hii itafanywa nyumbani, au haitafanywa kabisa.

Na haingoji. Picha za rangi za miaka ya 1970 zinageuka nyekundu zikiwa ndani ya albamu, hata bila ya kuona jua. Za nyeusi na nyeupe ni imara zaidi, lakini nazo sehemu za giza huanza kung'aa rangi ya buluu, kama kioo, kwa kuwa fedha iliyomo ndani yake inapanda juu. Wala usitegemee kwamba negativu ya harusi ya mamako imehifadhiwa mahali. Pwani yetu ilikuwa na mafundi wakubwa: Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, Parekh wa Mombasa, Omar Said Bakor wa Lamu. Lakini kwa picha nyingi za nyumbani, ile karatasi iliyomo kwenye albamu ndiyo yote iliyobaki.

Albamu ya khalati

Albamu iliyonisukuma kufanya majaribio ni ya khalati yangu, mdogo wake mama, anayekaa na wanawe Al Qusais. Umri wake umepita miaka 80. Ana picha kama 200, nyingi za Mombasa na Unguja za miaka ya 1950 na 1960, na sharti lake ni moja: hakuna picha itakayotoka mlangoni mwake. Miongoni mwake ipo picha ya mama yangu ya harusi, ya mwaka 1957. Ina ukubwa wa sentimita 9 kwa 14, kama postikadi. Alikwenda studio amejifunika buibui, akalivua ndani ya studio tu, akakaa kitini. Mama ameshatangulia mbele ya haki, na nakala nyingine hatuijui.

Mjukuu wa khalati, kijana mwema, alijitolea. Jioni moja baada ya isha alikaa sebuleni chini ya taa za dari, akazipiga zote kwa simu yake mpya, akatutumia. Sote tukamshukuru, maana zilipendeza kweli. Khalati akavaa miwani, akaivuta ile picha ya mama kwa vidole viwili mpaka uso ukajaa kioo. Akanyamaza. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, kipini cha mamako kiko wapi?"

Tukaifungua albamu. Kwenye karatasi kipini kipo, nukta nyeupe puani, ndogo kuliko kichwa cha sindano. Kwenye simu hakipo. Pua ni laini, shavu laini, kama sanamu la nta. "Baba yetu ndiye aliyekileta," khalati akasema. "Alikivaa siku ile ile. Sasa wajukuu watasema hakuwa nacho?"

Kijana aliona haya, lakini kosa halikuwa lake. Na simu yenyewe haikuwa mbovu. Ili tujue kipini kilipotelea wapi, lazima tuitazame ile sehemu ndani ya kamera iitwayo sensa. Si ile sensa ya kuhesabu watu. Hii inahesabu mwanga.

Jabia la mwanga

Tangu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aandike juu ya mwanga unaopenya tundu la chumba chenye giza miaka kama elfu moja iliyopita, kamera ni ile ile: kisanduku cheusi chenye tundu. Kilichobadilika ni kinachoupokea mwanga mle ndani. Zamani ilikuwa filamu. Leo ni kipande cha silikoni kilichogawanywa vijumba mamilioni, na kila kijumba huitwa pikseli.

Wale waliokulia Mji wa Kale wanayakumbuka majabia ya kuvunia maji ya mvua. Nyumba yenye paa kubwa inajaza jabia haraka, yenye paa dogo inakinga kidogo. Sensa ni hivyo hivyo. Mwanga ni mvua, sensa ni paa, pikseli ni ndoo zilizopangwa juu yake.

Sasa tazama tofauti ya mapaa. Sensa ya kamera kubwa za wapiga picha wa harusi ina milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Kamera za daraja la chini yake, ambazo watu wengi hununua, zina kama milimita 23.5 kwa 15.6, karibu 367 za mraba. Kamera ndogo za mfukoni tulizokuwa nazo miaka ya 2000 zilikuwa na kama 28 tu. Simu nyingi zimo katika kundi hilo la wadogo, na zile chache zenye sensa kubwa sana zinakaribia milimita 13.2 kwa 8.8, kama 116 za mraba. Kwa hiyo paa la kamera kubwa linalishinda la kamera ya mfukoni mara 30.

Kuna hesabu moja niliyokuwa nikiwapa wanafunzi. Mwanga huja kwa chembe, na chembe hazinyeshi sawasawa. Ndoo ikikinga chembe 100, hesabu yake itayumba kwa kama 10, nayo ni asilimia 10. Ikikinga chembe 10,000, itayumba kwa kama 100, nayo ni asilimia 1 tu. Kuyumba huku ndiko kunakoonekana kwenye picha kama chenga, zile nukta nukta tulizozijua kwenye televisheni za zamani. Mwanga mdogo, chenga nyingi. Mwanga mwingi, picha safi.

Hapo ndipo kipini kilipopotea. Sebuleni usiku, paa dogo la simu lilikinga mwanga kidogo, chenga zikajaa. Simu za leo zina programu inayopiga picha kadhaa kwa kufumba na kufumbua, ikazichanganya, kisha ikafuta kila inachodhani ni chenga. Nukta moja nyeupe, peke yake, katikati ya shavu, itaijuaje kuwa ni dhahabu ya babu yetu? Ikaifuta pamoja na zile nyingine.

CCD na CMOS, mabishano ya vijana

Vijana wangu hawakukubali yaishe hapo. Siku hizi wanazitafuta kamera za mfukoni za miaka ya 2000, wakisema zina CCD, na CCD ina rangi "za kweli" kuliko CMOS ya simu. Basi tuyaeleze haya.

CCD ilibuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, na Willard Boyle na George Smith, waliokuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak akatengeneza nayo kamera ya kidijitali yenye pikseli 10,000 tu, iliyochukua sekunde 23 kuihifadhi picha moja kwenye kaseti. Ndani ya CCD ndoo hupokezana maji. Kila ndoo humimina kwa jirani yake, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa foleni alipo mpimaji mmoja. Vipimo vinalingana, maana mpimaji ni mmoja, lakini foleni ni ndefu, inakula muda na umeme.

Katika CMOS, kila ndoo ina mpimaji wake mdogo. Eric Fossum na wenzake waliiendeleza aina hii miaka ya 1990 katika maabara ya JPL ya NASA. Inakwenda mbio na kutumia umeme kidogo, ndiyo maana simu zote zimeifuata. Mwanzoni wapimaji wengi walikuwa hawalingani na chenga zilikuwa nyingi. Hilo lilirekebishwa zamani.

Na rangi? Silikoni haijui rangi. Juu ya kila pikseli huwekwa kioo kidogo cha rangi, kwa mpango alioubuni Bryce Bayer wa Kodak: nusu ya vioo ni kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kila pikseli inaona rangi moja tu, mbili zilizobaki zinakisiwa kwa hesabu kutoka kwa majirani. Kwa hiyo utamu wa rangi unatoka kwenye vile vioo na zile hesabu za kiwandani, hautoki kwenye herufi CCD.

Skana ni mnyama mwingine. Sensa yake ni mstari mrefu unaotembea juu ya picha, na kila nukta ya karatasi inapimwa kwa rangi zote tatu. Hakuna kukisia. Skana nene huwa na CCD, vioo na lenzi ndani yake. Skana nyembamba, zile zinazojitosheleza kwa waya mmoja wa kompyuta, zina aina iitwayo CIS, ambayo mstari wake unakaa karibu kabisa na kioo, na taa nyekundu, kijani na buluu zinawaka kwa zamu.

Tulivyojaribu

Ijumaa mbili tulikusanya vyombo vitano nyumbani kwa khalati: simu ile ile, kamera ya mfukoni ya zamani yenye CCD na megapikseli 7, skana nyembamba, skana nene, na kamera kubwa ya megapikseli 24 ya mpwa wangu anayepiga picha za harusi. Mtihani ulikuwa mmoja. Je, kipini kinaonekana, na mikunjo ya buibui lililowekwa magotini inaonekana au imekuwa doa jeusi tu?

Skana nyembamba ilikionyesha kipini vizuri. Lakini picha yenyewe imejikunja pembeni kwa uzee, na pale ilipoinuka kutoka kwenye kioo, hata milimita chache, ikawa ukungu. CIS inataka karatasi imlalie. Picha zilizogandishwa kwenye kurasa nene za albamu zilituharibikia kwa sababu hiyo.

Skana nene haikujali mkunjo. Kipini kipo, mikunjo ya buibui inahesabika, hata saini ya penseli ya fundi pembeni tuliisoma, ambayo hakuna aliyekuwa akijua kuwa ipo. Ubaya wake ni uvivu. Ukihesabu kuweka, kungoja na kuondoa, kila picha ilituchukua dakika kadhaa, na picha ni 200.

Kamera ya mfukoni mchana, karibu na dirisha, ilitoa picha nzuri kuliko nilivyotarajia. Kipini kilionekana. Usiku ilijaa chenga, lakini kwa ushamba wake haikufuta kitu, na kipini ukikitafuta utakiona katikati ya vurugu.

Kamera kubwa ilifungwa kwenye miguu mitatu ikitazama chini, lenzi ya kupigia vitu vidogo, taa mbili pembeni. Matokeo yalilingana na skana nene, na kwa picha zenye karatasi ya vinyweleo, kama zile za miaka ya 1970 zenye mfano wa hariri, iliishinda, maana skana huziangazia vinyweleo vikameremeta. Halafu ina mbio. Baada ya dhuhuri mpaka magharibi ilimaliza albamu nzima bila kuibandua picha hata moja.

Na simu? Tuliirudia mchana, meza imesogezwa dirishani, jua la moja kwa moja limezuiwa na pazia jeupe, simu imetulizwa juu ya vitabu. Khalati akaletewa. Akavuta kwa vidole kama mwanzo. "Alhamdulillahi," akasema, "kimerudi."

Megapikseli zisikudanganye

Hebu tupige hesabu kidogo. Picha ya sentimita 9 kwa 14 ikipitishwa skana kwa nukta 600 kwa inchi inatoa kama megapikseli 7. Kipini cha mama kwenye karatasi ni kama robo ya milimita, kwa hiyo kinapata upana wa pikseli sita. Zinatosha. Simu yenye megapikseli 12, ikijaza picha yote, inafika kama nukta 700 kwa inchi. Kwa idadi, simu iliishinda skana, na bado usiku ule ikapoteza kipini.

Kwa hiyo mtu akikuuzia simu kwa kukwambia ina megapikseli 48 au zaidi, muulize ukubwa wa sensa. Simu nyingi za namna hiyo kwa kawaida hujumlisha ndoo nne kuwa moja, zikakupa picha ya megapikseli 12, kwa kuwa watengenezaji wenyewe wanajua kwamba ndoo ndogo mno hazina maji.

Hapa petu tunao mfano mkubwa. KhalifaSat, setilaiti iliyojengwa na wahandisi wa Imarati katika Kituo cha Anga cha Mohammed bin Rashid na kurushwa kutoka Japani tarehe 29 Oktoba 2018, inapambanua vitu vya kama sentimita 70 ardhini kutoka zaidi ya kilomita 600 juu. Kamera za namna hii hufagia ardhi mstari kwa mstari, kama ile skana nene ya nyumbani. Waliichagua sensa kwa kazi yake. Nasi tuchague kwa kazi yetu.

Basi ufanye nini?

Kama una picha chache, chini ya 30, simu uliyonayo inatosha. Fanya kazi mchana, karibu na dirisha, simu imetulia, kipambo cha uso kimezimwa kabisa na mwako wa kamera umezimwa. Usiitumie simu iliyotoka kwenye gari mwezi wa Agosti. Joto linaiongezea sensa chenga. Iache ipoe kwanza.

Kama albamu ni kubwa na picha zinatoka, azima au nunua skana, nene ikiwezekana, weka nukta 600 kwa inchi. Zile ndogo za sentimita 6 kwa 9 ziwekee 1,200.

Kama picha zimegandishwa, msizibandue kwa kisu wala kwa maji. Mwiteni kijana wa ukoo mwenye kamera kubwa, taa mbili za aina moja, kila moja imeinamishwa nyuzi 45, na taa za dari zizimwe. Mtu wa nyumbani, siri ya nyumbani.

Ukishamaliza, fungua kila picha na uvute uso, kabla albamu haijarudi kabatini. Mweke mzee mmoja anayewajua waliomo, kwa sababu yeye ataona kilichopotea. Wewe utaona picha nzuri tu. Hifadhi faili kubwa ya TIFF kama asili, na ya JPEG kwa kutumiana. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na kazi yote ya sensa inapotea njiani. Itume kama hati. Nakala ziwe tatu, moja ikae nchi nyingine.

Na majina. Hakuna sensa inayojua kwamba mwanamke wa pili kushoto ni Bi nani, na mtoto aliyeshika khanga ni nani. Wakati sisi tukibishana juu ya CCD na CMOS, khalati alitutajia majina ya watu 114 kutoka albamu ile, na mjukuu wake akayaandika yote kwenye faili, picha kwa picha. Watu tisa hakuwakumbuka. Alisema angewajua mama. Kama nyumbani kwenu bado yupo anayewajua, msingoje kununua chombo. Kaeni naye wiki hii na albamu, daftari na simu ya kurekodi sauti. Skana itakuja baadaye.